Nilijenga Wimbi Ukambani: Makosa Matatu na Historia Yake

Wasee, najua wengi wenu mnanifuata juu ya video za mtaa na maoni yangu kuhusu kila kitu chini ya jua. Leo nivumilieni kidogo, nataka tuongee historia. Si ile ya kukariri tarehe za Lancaster House. Ni historia ya wimbi, na ya venye mimi, mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, nililijenga kwa laptopi ya mitumba yenye RAM ya GB 4 nikiwa Wote, Makueni, mahali ambapo bahari tunaiona kwa kalenda ya ukutani.

Rafiki yangu mmoja alinipata nikihangaika na hiyo kazi akaniuliza, "Sasa wewe Mkamba mzima, mawimbi ni ya nini? Huku tunatafuta maji ya kunywa." Nilicheka, lakini swali lilinikaa. Hii posti yote ni jibu langu kwake.

Kwanza, kujenga ni nini

Programu nyingi tunazotumia huja zikiwa zimeshapikwa. Unabonyeza, inafunguka, kwisha. Ukitaka kujua ndani kuna nini huwezi, maana kilichomo ni namba za mashine tu. Lakini kila programu ilianza kama maandishi ya mtu. Hayo maandishi ndiyo msimbo. Kuna watu huachilia msimbo wao hadharani, mtu yeyote auchukue. Wewe unaupitisha kwa programu nyingine inayoitwa kompaila, nayo inaugeuza kuwa kitu ambacho mashine yako inaweza kuendesha. Ni tofauti ya kununua chapati kwa kibanda na kupewa unga, mafuta, na mtu wa kukuonyesha inavyokandwa.

Mimi nilichukua programu ndogo ya kuigiza mawimbi, imeandikwa kwa lugha ya C. Ikikubali, inafungua dirisha lenye kitu kama kidimbwi. Ukibofya mahali, maji yanaruka na duara linasambaa. Ukichora ukuta, wimbi linagonga na kurudi. Ukiacha pengo kwa ukuta, wimbi linapita na kutanuka upande wa pili.

Mbona hiyo? Juu mwaka wa kwanza chuoni tuliandikiwa mlinganyo wa wimbi ubaoni, tukaunakili, tukafanya mtihani, tukausahau. Sikuwahi kuona wimbi lenyewe. Halafu karo ikaisha, nikarudi nyumbani, na kati ya vitu vyote nilivyoacha huko nyuma, huo mlinganyo ndio uliokuwa ukinisumbua. Nilihisi kama mtu aliyeondoka sherehe kabla chakula hakijaletwa.

Basi nikaandika amri ya kujenga. Na makosa yakaanza.

Kosa la kwanza: kitu hakipo

Kompaila iliniambia kuna faili haioni. Ilikuwa ya SDL, maktaba ya bure iliyoanzishwa na Sam Lantinga mwaka 1998, ambayo hufungulia programu dirisha na kuchora picha. Mwandishi wa wimbi hakuandika hiyo sehemu upya. Aliazima. Ikabidi ninunue bando, niishushe, nijaribu tena.

Hapo nikashangaa: huu utamaduni wa kuazimana ulitoka wapi? Maana mimi nimelelewa kwa intaneti ambapo kila kitu kinakuomba kadi ya benki.

Hadithi moja inaanzia kwa printa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani, ilipewa printa mpya ya Xerox. Ilikuwa inakwama karatasi. Printa yao ya zamani pia ilikuwa ikisumbua, lakini programa mmoja, Richard Stallman, alikuwa amebadilisha msimbo wake ili watu waliokuwa wakisubiri kazi zao wapate ujumbe: printa imekwama, mtu aende aiangalie. Hiyo mpya ilikuja bila msimbo. Stallman alipokutana na mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akakataliwa. Jamaa alikuwa ametia sahihi ahadi ya kutoupeana.

Ona vile alichonyimwa ni kidogo. Hakutaka kuiba printa. Alitaka uwezo wa kumwambia mtu wa ghorofa nyingine kwamba kuna shida. Tarehe 27 Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu anaweza kuusoma na kuubadilisha. Kompaila yao, GCC, ilitoka 1987. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaleta Linux. Oktoba 2004 ikatoka Ubuntu, mradi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, jina lenyewe likimaanisha kile sisi tunaita utu.

Hivyo vyote viko ndani ya laptopi yangu. Ubuntu ndiyo mfumo wake, na GCC ndiyo iliyokuwa ikinigombeza. Sijalipia hata shilingi, na hakuna aliyeniuliza cheti changu kiko wapi.

Wekeni hiyo ya ujumbe kichwani. Tutairudia.

Kosa la pili: nafasi moja

SDL ikakubali. Nikaandika `make` tena. Jibu: `missing separator`. Nikasoma ule mstari mara kumi. Kwa macho yangu ulikuwa sawa kabisa. Nilipoteza jioni nzima hapo, mwaitu akiniuliza kama hiyo mashine inanilipa.

Kumbe shida ilikuwa hii. `make` ni programu inayosoma orodha ya maagizo ya ujenzi, na mistari ya hayo maagizo lazima ianze na tabu, ile nafasi ndefu ya kitufe cha Tab. Mimi nilikuwa nimenakili orodha kwa simu, nikajitumia kwa WhatsApp, na njiani tabu ikawa nafasi za kawaida. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa `make` ni usiku na mchana.

Nani aliamua hivyo? Stuart Feldman, aliyeandika `make` mwaka 1976 akiwa Bell Labs, Marekani. Baadaye alieleza kwamba wiki chache baada ya kuiandika aliona ile sheria ya tabu ni tatizo, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama dazani moja, wengi marafiki zake, na hakutaka kuwavurugia kazi. Akaiacha.

Watu dazani moja! Karibu miaka 50 baadaye, kijana wa Wote analala saa nane usiku kwa sababu mtu fulani aliwahurumia marafiki zake kumi na wawili.

Nilikasirika, halafu nikatulia. Juu hapo ndipo nilielewa kwamba hizi mashine hazikushuka kutoka mbinguni. Ni watu wameamua, wakati mwingine wakiwa wamechoka, na uamuzi ukakaa. Chuoni nilikuwa nachukulia kila kitu kama sheria ya Mungu. Kitu kisipoeleweka, najiona mimi ndiye mjinga. Hapana. Wakati mwingine ni tabu tu.

Kosa la tatu: skrini ikawa nyeupe

Nikarekebisha, ikajengeka, dirisha likafunguka. Nikabofya. Duara likasambaa. Wasee, nilipiga kelele hadi jirani akaja.

Hebu niwaeleze kinachofanyika, ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kidimbwi kimegawanywa vyumba vidogo kama ubao wa drafti. Kila chumba kina namba moja: maji hapa yako juu au chini kiasi gani. Kwa kila hatua ya muda, chumba kinaangalia majirani wanne. Wakiwa juu kukiliko, kinavutwa juu. Wakiwa chini, kinavutwa chini. Na kwa sababu kinakumbuka kilikuwa wapi hatua iliyopita, hakisimami ghafla, kinapitiliza, kinarudi. Ni hivyo tu. Hakuna mahali msimbo unasema "chora duara". Duara linatokea lenyewe, kwa vyumba kusikilizana na majirani.

Huo ndio mlinganyo ambao Mfaransa Jean le Rond d'Alembert aliuandika mwaka 1747 akifikiria uzi unaotetemeka, kama uzi wa gitaa. Ule wa ubaoni. Ndio huo.

Mwezi wa kumi nikapanda matatu na laptopi kwa begi, nikaenda Mwingi, upande wa Kitui, kwa susu yangu mzaa mama, kumsaidia kupanda ndengu na kunde kabla mvua haijashika. Jioni moja nikataka picha iwe safi zaidi, nikapunguza upana wa kila chumba kwa nusu. Nikabofya. Wimbi likaanza vizuri, halafu likaota miiba, halafu skrini yote ikawa nyeupe. Nikachapisha namba nizione: zilikuwa zimepanda hadi mashine ikashindwa, ikaniandikia `nan`, yaani hii si namba tena.

Sikuwa nimeharibu chochote kwa msimbo. Nilibadilisha kitu kimoja tu.

Jibu la hiyo shida liliandikwa mwaka 1928, wakati hakukuwa na kompyuta kama tunazozijua. Wanahisabati watatu wa Göttingen, Ujerumani, Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy, walitoa makala kuhusu milinganyo ya aina hii. Walikuwa wakitafuta uthibitisho wa kihisabati tu. Lakini ndani yake kulikuwa na sharti ambalo leo kila anayeigiza wimbi lazima aliheshimu.

Kwa lugha ya kijijini, ni hivi. Kwenye ubao wangu, habari husafiri chumba kimoja kwa hatua moja, jirani kwa jirani, kama umbea. Sasa wimbi lenyewe, kwa mwendo wake wa kweli, likitaka kuvuka umbali mkubwa kuliko huo kwa hatua hiyo hiyo, basi chumba cha mbele kinapigwa kabla hakijasikia. Kinahesabu kwa habari ya zamani. Kosa linakua, linakuzwa tena, hadi kila kitu kinalipuka. Kwa ubao wangu, mwendo wa wimbi mara muda wa hatua, gawanya kwa upana wa chumba, lazima jibu lisizidi takriban 0.7. Programu ilikuja na 0.5. Mimi nilipokata chumba nusu, ikawa 1. Nikapunguza muda wa hatua kwa nusu pia, ikarudi 0.5, wimbi likatulia.

Yaani: habari isiachwe nyuma na wimbi. Ikiachwa, hesabu yote inakufa.

Na hao watatu? Mwaka 1933 Wanazi waliposhika serikali, Courant, aliyekuwa Myahudi, aliondolewa kazini. Lewy naye akaondoka mwaka huo. Friedrichs aliondoka 1937 ili aweze kumwoa mpenzi wake Myahudi, kitu ambacho sheria za huko zilikataza. Wote waliishia Marekani, na taasisi ya hisabati ya New York ambayo Courant aliijenga ina jina lake mpaka sai. Makala yao ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa tena 1967 na jarida la IBM, juu wakati huo mashine zilikuwa zimefika na kila mtu alikuwa akilipua mawimbi kama mimi.

Kuna mtu mwingine lazima nimtaje. Los Alamos, Marekani, miaka ya 1950, Enrico Fermi, John Pasta na Stanislaw Ulam walitaka kuona kinachotokea ukitikisa mnyororo wa vitu vidogo vilivyounganishwa na springi ambazo hazifuati sheria rahisi. Walitegemea mtikisiko utasambaa na kuchanganyika kabisa. Mashine iliyoitwa MANIAC ikawaonyesha kitu tofauti: nguvu ilisambaa kidogo, halafu karibu yote ikarudi ilipoanzia. Ripoti ilitoka 1955, baada ya Fermi kufariki. Aliyeiandikia mashine programu alikuwa mwanamke kijana, Mary Tsingou. Jina lake liliwekwa kwa maandishi madogo ya shukrani, na kwa zaidi ya miaka 50 watu wakaita kazi hiyo kwa majina ya wanaume watatu. Ni mwaka 2008 ndipo mwanafizikia mmoja Mfaransa alipoandika kwamba jina lake liongezwe.

Kwa hivyo ukiniambia historia ya kompyuta ni ya wanaume waliovaa tai, nitakuambia nenda ukasome maandishi ya chini ya ukurasa.

Krismasi ya 2004 ilipopita

Sasa nirudi kwa swali la rafiki yangu. Mawimbi ni ya nini?

Tarehe 26 Desemba 2004, saa tisa na dakika 58 usiku kwa saa zetu, tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilipiga chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Tsunami iliyotokea iliua zaidi ya watu 220,000. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa. Lakini wimbi hilo lilikuja hadi kwetu.

Fanya hesabu na simu yako. Tsunami kwenye bahari wazi hufuata kanuni rahisi sana inayojulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1700: zidisha kina kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili. Bahari ya kina cha mita 4,000 inakupa karibu mita 198 kwa sekunde, yaani kilomita kama 713 kwa saa, mwendo wa ndege. Kutoka hapo Sumatra hadi Mombasa ni kama kilomita 6,300. Gawanya. Karibu saa tisa kasoro. Kumaanisha karibu saa saba mchana.

Tuliambiwa tulikuwa mbali. Ukweli ni kwamba tulikuwa na muda.

Kituo cha onyo cha Hawaii kiliona tetemeko ndani ya dakika chache, lakini kilikuwa cha Bahari ya Pasifiki. Kwa Bahari ya Hindi hakukuwa na mfumo wa kupeleka onyo. Indonesia, Thailand, Sri Lanka, India zikapigwa. Kenya ikapata habari kwa njia ya vyombo vya habari, na huku Pwani watu wakaondolewa ufukweni kabla maji hayajachafuka. Aliyeripotiwa kufa Kenya ni mtu mmoja. Somalia, ambako wimbi lilichukua saa nyingi pia kufika, walikufa karibu watu 300, wengi upande wa Hafun.

Sitaki kudanganya. Wimbi halikuwa na nguvu sawa kila mahali. Umbo la pwani na sakafu ya bahari hubadilisha mambo, na Hafun ilipigwa vibaya zaidi kuliko sisi. Sisemi tofauti yote ni ujumbe. Nasema hivi: kanuni ilikuwa ile ile, muda ulikuwepo, na mahali ambapo habari ilitangulia maji, watu walitoka ufukweni.

Baada ya hapo ndipo nchi za Bahari ya Hindi, chini ya UNESCO, zikajenga mfumo wa onyo, na tangu 2011 Australia, India na Indonesia ndizo zinazotuma taarifa kwa wengine. Sharti la 1928, lakini sasa kwa watu: habari isiachwe nyuma na wimbi.

Na Kitui je?

Rafiki yangu angesema, sawa, hiyo ni Mombasa. Huku hakuna bahari.

Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021 nilikuwa na miaka 18. Nadhani nyote mliiona ile video. Mto Enziu, Mwingi, ulikuwa umefurika juu ya daraja la chini. Basi lilibeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini. Watu walikuwa wamesimama kando ya mto wakiangalia. Basi likasukumwa, likalala, likazama. Walikufa zaidi ya 30. Kwa susu kuna nyumba ambazo mpaka leo ukitaja harusi mtu ananyamaza.

Sisi watu wa Ukambani tunajua mito yetu. Mwaka mwingi ni mchanga. Watoto wanacheza mpira humo, mama wanachimba visima vya kuchota, mbuzi wanalala kivulini. Halafu mvua inanyesha mbali huko juu, huku kwako jua linawaka, na maji yanakuja. Yanakuja kama ukuta. Hilo nalo ni wimbi. Mwaka 1871 Mfaransa Barré de Saint-Venant aliandika milinganyo ya maji yanayokimbia kwa mfereji, na ni ndugu wa karibu wa ile ya tsunami. Kanuni ya kina inafanya kazi hata hapa: maji ya mita moja, karibu mita 3.1 kwa sekunde, kama kilomita 11 kwa saa. Kina cha mita mbili, kama 16. Mto una kona, mchanga na msuguano, na maji yenyewe yanakimbia, kwa hivyo usichukue hizo namba ukavukia mto. Lakini zinakuonyesha ukubwa wa mambo. Kijiji kilicho kilomita 10 juu kinaweza kuwa kimeyaona maji muda mzuri kabla hayajafika kwako. Na SMS inachukua sekunde.

Nataka nieleweke. Programu yangu haingeokoa mtu yeyote pale Enziu. Pale maji yalikuwa yanaonekana kwa macho. Kilichokosekana ni daraja la kupita juu yake, na hiyo si kazi ya laptopi ni kazi ya serikali. Kidimbwi changu ni cha kuchezea, hakijui mchanga wala mawe. Mtu akikuambia app imetatua mafuriko ya Kitui, mwulize daraja liko wapi.

Lakini kulijenga kulinifundisha kitu. Nilikuwa nimekaa na susu jioni, nikamwonyesha dirisha. Akaangalia duara likigonga ukuta na kurudi, akaniuliza, "Mwana wakwa, hayo maji ni ya wapi?" Nikamwambia si maji, ni namba zinaambiana. Akafikiri kidogo. Akasema walipokuwa wasichana, mvua ikinyesha huko juu, watu wa juu walikuwa wakipiga mayowe, wa katikati wanayapokea, hadi walio mtoni wanasikia na kutoka. "Siku hizi kila mtu ana simu," akasema, "na hakuna anayepiga."

Nilinyamaza. Susu hajawahi kusikia habari ya Göttingen, na ameniambia sharti lao lote: jirani kwa jirani, mbele ya maji.

Binamu yangu anakaa juu ya kijito cha kwetu. Sitakitaja, si kikubwa. Tulikubaliana kitu cha kijinga kabisa: mchanga ukianza kupotea kwake, atume neno moja kwa grupu la WhatsApp la majirani na SMS kwa wale wa simu ndogo. Mwezi wa 11, alasiri moja, neno likaingia: "Yanakuja." Huku kwetu hakukuwa na wingu. Jirani mmoja alibisha, akisema vijana wamepata mchezo, lakini mkewe akashuka akatoa mbuzi mtoni. Maji yalifika dakika 40 baadaye.

Mbuzi saba. Hiyo ndiyo faida yote ya mradi wangu mpaka sasa, na nusu yake ni ya susu.

Kwa hivyo, rafiki yangu, jibu ndilo hilo. Nilitafuta wimbi kwa sababu wimbi liko hapa, linakuja mara mbili kwa mwaka, na hesabu yake si siri ya mtu. D'Alembert aliiandika, Courant na wenzake wakaiwekea sharti, Tsingou akaipitisha kwa mashine, Stallman na wengine wakahakikisha hakuna anayeweza kuifungia kabatini. Mimi niliacha chuo na bado ilinifikia Wote, kwa bando ya shilingi 50.

Kama na wewe uliacha mahali, iwe ni kwa sababu ya karo au kitu ingine, sitakuambia eti chuo si muhimu. Ningekuwa na karo ningerudi kesho. Nakuambia tu chukua msimbo wa kitu kimoja kinachokusumbua, ujaribu kuujenga. Utapata kosa la kwanza. Ukipata `missing separator`, angalia tabu.

Na kama unakaa juu ya mto, tafuta namba ya mtu anayekaa chini.